Sanduku la Tryphosa na Bunduki za Kifaransa

Kahawa ya Mama Tryphosa, pale pembeni mwa barabara ya kwenda Kimumu, ilikuwa chungu, moto, na kidogo. Mama mwenyewe mkono wake ulikuwa mgumu: kikombe chako ukimaliza, umemaliza, nenda kwako. Wateja walikalia sanduku refu la mbao ambalo marehemu mumewe, Walubengo, alilileta kutoka Ainabkoi alikomfanyia kazi mzungu mmoja. Ugonjwa wa mzungu yule ulikuwa bunduki kuukuu za jeshi la Ufaransa. Alizikusanya, akazipaka mafuta, akazitundika ukutani kama picha za watakatifu, na kila Jumamosi alizitoa kupiga maboga yaliyopangwa juu ya ua. Vipande Walubengo aliwaokotea nguruwe. Basi ndani ya sanduku, chini ya magunia, ililala bunduki moja ambayo mzungu alimzawadia Walubengo. Tryphosa peke yake ndiye aliyejua. Asichokijua ni kama ina risasi.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu, watu bado wanaogopa vivuli vyao tangu yale mapinduzi ya mwaka uliotangulia yaliyoshindwa. Asubuhi hiyo Kiarie wa duka, waliyemwita Redio, alifika akihema.

— Polisi wamemwendea mzungu wa Ainabkoi. Wamejaza lori bunduki. Lakini msumari mmoja ukutani ni mtupu. Imepotea moja, na wanaitafuta.

Akaketi, akapiga sanduku kofi. Tryphosa alishika birika kwa mikono miwili. Marehemu alimwonya: hizi za Wafaransa hazina kile kidude cha kuzizuia zisilie. Ukiitikisa vibaya, shauri yako.

Isaiah, karani wa kanisa, hapo kijiweni akiitwa Mahakama, hakukubali kwamba mtu anaweza kupenda bunduki hivi hivi tu.

— Mtu hukusanya ng'ombe. Wengine hata wake. Lakini bunduki kuukuu, na hawindi hata swara? Huyo alikuwa anangoja kitu.

— Anangoja Wafaransa wenyewe, alisema Redio. Watashuka na ndege kwa shamba la ngano.

— Ngano iko kiunoni, bwana. Watashukia wapi?

— Kwani uliwahi kumwona Mfaransa akiuliza njia?

Redio alipiga kofi lingine. Kisha akakumbuka.

— Lakini Mama, si marehemu alifanya kazi huko? Hakukuambia kitu?

— Aliniambia maboga, alisema Tryphosa.

Hapo ndipo Bethwel, dereva wa trekta, jina lake la utani Polepole, alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza.

— Maboga hayo aliyokuwa akiyapiga. Nafikiri kila boga lilikuwa mtu mkubwa. Msiniulize nani.

Mahakama alitazama nyuma, kisha juu, kana kwamba mawingu nayo ni wanachama wa chama tawala. Redio, aliyeanzisha maneno yote, sasa alinong'ona kwamba hapa barabarani wanasikika. Walinyanyue benchi lao hilo la sanduku walipeleke nyuma ya kibanda. Tayari ameshika upande mmoja. Sanduku likainuka kidogo, na kitu ndani kikagonga mbao.

— Kaeni, alisema Tryphosa.

Akamwaga kahawa. Alijaza cha Redio, akajaza cha Mahakama, akajaza cha Polepole mpaka ikafurika, wala hakuna aliyeomba. Wanaume waliketi, wakanywa kwa adabu, wameduwaa kama watu waliopewa shamba. Habari ya kuhamisha benchi ikasahaulika. Tryphosa akaanza kupumua.

Ndipo Wacera, muuza viazi wa Burnt Forest, alipotua kapu lake. Miaka yote aliyokunywa hapo hajawahi kuongezewa hata tone. Alitazama vikombe, akamtazama mwenye kahawa.

— Mama Tryphosa, leo umeogopa nini hata unaongezea watu kahawa?

Redio alichungulia kikombe chake. Mahakama alimtazama Redio. Polepole peke yake ndiye aliyeshusha macho mpaka kwenye mbao kati ya magoti yake. Akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, na taratibu zaidi, akaanza kuinua makalio.