Mama Seti na Mjukuu Aliyepotea

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, binti wa fundi cherehani, katika nyumba ambayo chumba cha mbele kilikuwa duka. Kabla hajajua kusoma alipewa kazi ya kutenga vifungo kwenye makopo. Akakwama. "Baba, hiki ni cheupe, tena kina matundu manne. Kikae na vyeupe au na vya matundu manne?" Babake akamwambia akiweke popote, asimtie wazimu. Jamani, hakukiweka! Alikaa nacho kiganjani mpaka duka likafungwa.

Mwaka 1967 alifundishwa seti shuleni, yaani makundi ya vitu katika hesabu, akarudi mbio kumwambia babake kwamba kifungo kile ni cha makopo yote mawili. Alihitimu ualimu mwaka 1975, akafundisha hesabu, kisha tangu 1984 hadi alipostaafu mwaka 2013 aliandika programu za kompyuta katika idara ya maji. Huko ndiko walikombandika jina la Mama Seti.

Tarehe 14 Agosti 1979 aliolewa na fundi redio, ambaye hakuchoka kumtania. "Ukimwuliza chumvi iko wapi," alisema, "anakuuliza, kwani iko ndani ya nini?"

Alipostaafu alianza kuunda lugha yake mwenyewe ya kompyuta, ambamo kila kitu ni seti. Haikuwa na wa kwanza wala wa mwisho. Wala haikuwa na amri ya kufuta: ukitaka kumtoa mtu, unaunda seti nyingine, ile ya zamani inabaki kama ilivyo. Kwa majaribio aliingiza familia nzima, bila majina, kwa sifa tu: wazazi, siku ya kuzaliwa, nyumba. Kompyuta ikatoa watu pungufu. Wajukuu wake mapacha walikuwa na sifa zilezile, basi lugha ikawahesabu mtu mmoja. Sisi tulicheka mpaka machozi. Pacha mdogo hakucheka. "Bibi, mimi umeniweka wapi?"

Swali hilo lilimchoma. Moyo ulipoanza kumsumbua, Januari 2022, daktari aliamuru apumzike, nasi tukamficha kompyuta. Alikuja juu. "Mjukuu wangu amepotea humo kwa mkono wangu mwenyewe, nitapumzikaje?" Tukairudisha. Alijaribu kuongeza sifa, urefu, meno, hakuridhika, maana kesho wangeweza kufanana tena. Mwishowe akamwita pacha mdogo kitandani na kumwuliza anatofautianaje na dadake. Mtoto akamshangaa. "Yeye ni yeye, mimi ni mimi, bibi."

"Kumbe!" alisema, akacheka hadi akakohoa. Wiki hiyo akabadilisha kanuni: kila anayeingia ni yeye, hata afanane na mwingine kwa kila kitu. Pacha mdogo akajiona kwenye kioo cha kompyuta, akapiga makofi. Marehemu alifariki usingizini tarehe 2 Juni 2022, asubuhi.

Ameacha, bila wa kwanza wala wa mwisho, mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume, kaka, mjukuu pacha, na mjukuu pacha.

Juzi pacha mdogo aliuliza kama sasa tutamfuta bibi. Tukamwambia, hatuwezi, mama. Tumeandika seti ya waliobaki, lakini ile ya zamani hatukuigusa, naye yumo. Apumzike sasa kwa amani. Mjukuu aliyekuwa akimtafuta alimpata.