Sumaku Kwenye Pindo la Kanga

Asalaam alaykum, mama zangu na dada zangu. Wakubwa wote mlio humu ukumbini, shikamooni. Kabla sijaenda mbali nnaomba jambo moja. Sauti yangu itabadilika. Nitakuwa nnazungumza hivi mnavyonisikia, mara itakwaruza kama ya mzee mvuta tumbaku, halafu itarudi. Ikija hiyo msitazamane, na aliyekaa karibu na mlango asianze kutafuta viatu.

Mie n'na kifafa. Nilianza kuanguka nikiwa mtoto wa chuoni, bado nasoma juzuu. Siku ya kwanza nilipozindukana nilijikuta peke yangu juu ya mkeka, wenzangu wamejibana ukutani, na mwalimu kasimama na bakora yake hajui amchape nani. Hakuna aliyenigusa. Mnajua wenyewe yanayosemwa, kwamba povu likikupata na wewe unaupata ugonjwa. Hata nilipokuwa mkubwa, nikianguka sokoni Darajani watu hupiga duara. Kanga nafunikwa, ila narushiwa kutoka mbali.

Kwa kanga hizo nashukuru, zimenisitiri. Lakini ndugu zangu, nnawaambia, kuzindukana peke yako katikati ya watu ni jambo ambalo sikulizoea hata siku moja.

Nikaolewa na mwanamume mwema, fundi seremala, nikajaaliwa binti. Siku moja nimempakata mtoto barazani, nikaanguka naye. Akapasuka mdomo. Shangazi wa mume wangu, mkaazi wa Mkokotoni, akaja siku ya pili yake akambeba mtoto mgongoni. Hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, huyu nnakwenda naye. Siku utakayopona, njoo umchukue."

Nikaitika naam. Ningesema nini, na damu ya mwanangu nshaiona kwenye kanga yangu?

Basi nikautafuta huo uzima. Kombe la aya nimekunywa, uvumba nimefukizwa, vidonge vya hospitali nimemeza mpaka nikawa nalala kama gogo, na kuanguka naanguka. Kaka yangu aliyeko Maskati akasikia kuna upasuaji Bara Hindi. Akachangisha jamaa, na nyinyi wa chama hiki mkatia mkono wenu, Mungu awalipe. Nikapelekwa, mie na mume wangu.

Daktari wa kule akanieleza kwamba kichwa hawakigusi. Watanichana chini ya mtulinga wa kushoto, watie kidude cha umeme kidogo kama saa, na waya mwembamba upande mpaka kwenye mshipa wa fahamu wa shingoni. Kila baada ya muda kidude kitaushtua mshipa, na mshipa utautuliza ubongo. Nilimtazama yule bwana sikummaliza. Ugonjwa uko kichwani, yeye anachana kifuani. Nikamuuliza, "Umeme? Na nikikoga?" Akacheka, akasema nikoge nitakavyo.

Nilizindukana shingo ngumu kama mti, mate hayamezeki, mkono wa kushoto haunyanyuki. Mume wangu ndiye aliyenichana nywele na kunivisha, mtu ambaye hajui hata kitana kinashikwa vipi. Kidonda kilipoanza kukauka, daktari akakiwasha kidude kwa kompyuta. Nikasikia mtekenyo kooni, nikakohoa, nikataka kumwambia ahsante. Ikatoka sauti ya mwanamume. Mume wangu akainuka kitini. Mie mwenyewe, wallahi, niligeuka nyuma kutazama nani anayezungumza.

Daktari akasema ndivyo kinavyofanya kikiwa kazini, kinagusa na mshipa wa sauti, tutazoea. Akanipa sumaku mbili. Nikihisi kifafa kinakuja, au mtu akiniona naanguka, aipitishe sumaku juu ya kidude na kitashtua hapo hapo. Nikiishikilia pale pale, kidude kinanyamaza. Halafu akasema neno ambalo sikutaka kulisikia: hakiponyi, kinapunguza.

Ngojeni kidogo. Hiyo, mmeisikia? Ndiyo yenyewe. Haya, imepita, tuendelee.

Tukarudi Unguja. Nyumba ilijaa wanawake, wengine mko humu. Shangazi akaja na binti yangu, kawa mkubwa, kasimama nyuma ya buibui la shangazi ananichungulia. Nikanyoosha mikono nikasema, "Njoo, mwanangu." Nilipofika kwenye "mwanangu" kidude kikaanza kazi yake.

Mama mmoja mtu mzima, anayejua mambo ya pepo, akasogea, akajifunga kanga vizuri, akakaa mbele yangu kwa adabu. Akasema, "Karibu, mgeni. Jina lako nani, na unataka nini kwa mtoto wa watu?"

Nikasema, "Bibi, ni mie," kwa sauti ile ile ya kiume. Akatikisa kichwa. "Wote husema ni mie," akasema. Sauti yangu ikarudi yenyewe, na hapo ndipo nilipomalizika kabisa, maana wote wakapumua wakasema, "Kashuka." Chetezo cha ubani kikaletwa. Nikawatolea sumaku niwaonyeshe, wakasema hirizi hiyo. Shangazi hakungoja hata kahawa. Alimshika mtoto mkono, akaniambia pale mlangoni, "Mwanangu, ulikwenda na kifafa. Umerudi na kifafa na mgeni."

Nililia, sifichi. Kidonda kilipona, shingo ikalainika, na kuanguka kukapungua kweli kweli. Lakini mtoto yuko Mkokotoni. Nikamwambia mume wangu, "Nipeleke."

Tulimkuta shangazi uani anachambua mchele, binti yangu kando yake. Nikamwambia, "Shangazi, tazama tu, usiniguse." Nikaishikilia sumaku juu ya kidude nikasoma Yasini, na sauti haikubadilika hata mara moja. Nikaiondoa, nikaendelea kusoma, na haikupita muda mkwaruzo ukaja. Nikamwambia, "Umeona? Ni mashine."

Shangazi akafikiri, ungo mapajani. Akasema, "Nimeona. Anaogopa chuma. Pepo wote wanaogopa chuma."

Mama zangu, mpaka leo nikikumbuka nashangaa. Nimechanwa kifuani, nimevuka bahari, nimeleta ushahidi mkononi, na ushahidi wenyewe umekwenda kumtolea ushahidi pepo. Mume wangu aliinamisha kichwa, sijui akicheka au akilia, akasema anakwenda kusali adhuhuri.

Alipotoka tu, nikasikia harufu ya kitu kinaungua, ile inayonijia kabla. Sumaku ikanitoka mkononi. Yaliyofuata nimesimuliwa na binti yangu.

Anasema nilianguka juu ya mchele. Anasema shangazi alirudi nyuma mpaka ukutani, kama walivyorudi wote maisha yangu yote. Halafu akaiona sumaku chini. Akasema bismillahi, akaiokota, akapiga magoti kando yangu, akaipitisha kifuani pangu huku anasema, "Toka. Mwache mwanangu. Toka." Na mwili wangu ukalegea.

Nilipofungua macho sikuwa peke yangu. Kichwa changu kiko mapajani kwa mtu. Shangazi ananifuta povu kwa kanga yake, na vidole vyake vimeloa. Niliutazama ule mkono, sikuamini kama ni mkono wa mtu na uko juu ya mdomo wangu.

Akasema, "Nimemtoa."

Nlikuwa n'nayo maelezo yote ya daktari. Nikayameza. Nikasema, "Ahsante, shangazi."

Akamgeukia binti yangu. "Kakusanye nguo zako, unakwenda kwenu na mama yako." Nikamwambia ukweli, "Lakini sijapona, shangazi. Umeniona mwenyewe." Akasema, "Nimekuona. Sasa nshajua la kufanya." Na ile sumaku akaifunga kwenye pindo la kanga yake, hakunirudishia.

Basi binti yangu yuko nyumbani, na sumaku ya pili anayo yeye. Mpaka leo shangazi anaamini alifukuza pepo, mie naamini ni mshipa, na hatugombani. Naanguka mara chache, namshukuru Mungu. Nawashukuru kaka yangu, mume wangu, wale madaktari, nanyi mliochanga.

Funzo langu ni dogo. Povu ni mate tu, haliambukizi mtu. Ukimwona mwenzio kaanguka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na umshike mpaka arudi. Amini utakalo, ila mshike.

Na yeye aliyenishika wa kwanza yumo humu leo. Nimeahidi sitamtaja, hapendi. Lakini tukimaliza, mtazameni atakayekuja kunishika mkono nishuke hapa jukwaani. Pindo la kanga yake lina fundo, na fundo hilo hajapata kulifungua akaliacha nyumbani.