Mzee Mangeni na Pambano Lililoogopa Kengele

Baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha pamba hapa Tororo kwa miaka thelathini na moja, Mzee Nashon Mangeni alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni 1967. Meneja alimkabidhi zawadi ya saa ya mkononi. Tulicheka sana, maana kumpa Mangeni saa ni kama kumpelekea mtu wa Majanji, kule ziwani, samaki.

Mzee ni mzaliwa wa Lunyo. Aliingia kiwandani mwaka 1936 akibeba magunia, akahamia kwenye mashine, na kuanzia mwaka 1940 akawa msimamizi wa zamu na mpiga kengele. Kengele yenyewe ni kipande cha reli kilichoning'inizwa karibu na lango, na nyundo yake haikuguswa na mkono mwingine. Wenye vibanda barabarani walifungua na kufunga kwa kengele ya Mangeni. Sisi tunaotoka ng'ambo ya Malaba kwa baiskeli tuliisikia tukiwa bado tunapanda kilima, tukajua leo kuna maneno.

Kazi yake nyingine, ambayo haikuwa na mshahara, ilikuwa kuamua ndondi. Kila Ijumaa wakati wa chakula, kwenye kibanda cha bati kando ya jiko, Mzee aliwapambanisha kwa maneno tu mabingwa wa hapa kwetu ambao hawakuwahi kukutana ulingoni. Okanya wa Malaba, aliyetamba kabla ya vita, alipigana na Akwi, aliyerudi kutoka vitani Burma na ngumi ya kushoto ya kutisha. Kila bondia alikuwa na watetezi wake, na Mzee ndiye aliyetoa uamuzi. Masharti yalikuwa makali: kila bingwa aje na umri wa siku zake bora, wote wavae glavu za aina moja, na wa zamani asinyimwe nyama eti kwa sababu enzi zake kulikuwa na njaa.

Sharti la mikono mfukoni lilikuja baadaye. Siku moja mtetezi wa Akwi, ambaye leo nitamsitiri, alisimama kutuonyesha ile ngumi ya kushoto, akaiangusha sufuria nzima ya maharage ya Mama Goretti, mpishi wetu. Okanya, aliyekwisha kufa zamani, hakuumia hata kidogo, ila sisi tulishinda na njaa. Tangu hapo Mzee aliamuru kwamba anayesimama kumtetea bondia aweke mikono yote miwili mfukoni, na asiye na mifuko aketi. Hata Mama Goretti, alipotaka kumtetea Okanya, alilazimika kushona mfuko kwenye aproni yake.

Pambano moja tu lilimshinda Mzee. Ni lile la Ilukor, bingwa wa mwaka 1939, na Egesa wetu wa marobota, bingwa wa sasa. Kila tulipolifikisha kwenye raundi ya mwisho na kudai uamuzi, Mzee aliinuka ghafla, akaenda kwenye reli yake na kugonga. Sahani zilikuwa bado zina ugali. Mkaguzi wa ndani aliwahi kuuliza kwa nini Ijumaa nyingine watu wanarudi kazini mapema, na meneja akamjibu kwamba ni bidii.

Wakongwe walijua sababu. Mwaka 1939, katika fainali ya wafanyakazi wa pamba, Ilukor alikuwa amepigana na Mangeni mwenyewe. Raundi ya mwisho Mangeni alimbana kwenye kamba, magoti ya Ilukor yakaanza kulegea, kengele ikalia. Ilukor akashinda kwa pointi. Mashabiki wa Mangeni waliapa kwamba kengele ililia mapema. Mangeni hakusema neno, si siku ile wala baadaye. Alikuja kuiomba kazi ya kengele, na huenda hilo ndilo lilikuwa neno lake.

Kwa hiyo mnaona mtego aliokuwamo. Angesema Ilukor ndiye mshindi, angeambiwa anamkuza aliyemshinda ili kushindwa kwake kuwe heshima. Angemtaja Egesa, ingekuwa analipiza kisasi. Na Egesa hakutuliza mambo, kwani alitangaza kwamba mkanda wake hautakuwa na maana kwake mpaka Mzee aseme.

Ijumaa ile ya kuaga tulimkamata. Asubuhi Mzee alikuwa amemkabidhi nyundo Bi Mildred wa ofisi ya zamu, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Isitoshe, Egesa alikuwa amemfuata Ilukor hadi Buteba na kumleta kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Wazee hao wawili walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto na za mihogo, kama walivyofanya miaka yote wakikutana sokoni. Habari za mwaka 1939 hazikuguswa.

Tulipomaliza kula, Mzee alisimama, akatia mikono mfukoni. Alitoa hesabu yake polepole: Ilukor angechukua raundi za mwanzo kwa akili, Egesa angechukua za mwisho kwa pumzi. Mshindi, alisema, ni Egesa, kwa pointi. Tulitegemea Egesa aruke juu, lakini alitazama chini tu. Wote tukamgeukia Ilukor.

Ilukor aliinuka kwa shida. Alitafuta mifuko ya koti lake mpaka akaipata, akatia mikono, kama sharti linavyotaka.

“Mangeni amesema kweli,” alisema. “Hii kijana angenishinda. Lakini na wewe, Mangeni, ile siku ulikuwa umenimaliza. Kengele ndiyo ilinisaidia. Mimi najua, na wewe unajua.”

Kisha akavunja sharti. Alitoa mkono mfukoni, akaushika mkono wa Mzee Mangeni na kuuinua juu, kama mwamuzi anavyomwinulia mshindi. Mzee alilia, na sisi tuliomtania miaka yote tulilia naye, Mama Goretti akitumia ule mfuko wa aproni.

Saa ya kurudi kazini ilikuwa imefika. Bi Mildred alikuwa amesimama kwenye reli na nyundo mkononi. Aliwatazama wale wazee wawili, mkono wa Mzee ukiwa bado juu, akangoja. Meneja alichungulia saa yake, kisha akaishushia mkono wa shati ikafunikwa.

Mzee Mangeni, tunakushukuru kwa zamu ulizotupangia, kwa ugomvi wa haki uliotufundisha, na kwa maharage yote yaliyosalimika. Tunakuombea Lunyo yenye mvua za kutosha, afya njema, na wageni wa mara kwa mara kutoka Buteba. Na ukisikia kwamba Ijumaa ile kengele ya kiwanda ilichelewa kwa mara ya kwanza, ujue haikuwa uzembe. Ilikuwa inakulipa dakika zako.

Osborn Wandera,
Idara ya Mizani