Siku ya Boti na Lori

Mwaka ule watu wa Burundi walipokuwa wakikimbia vita na kumiminika ziwani, kijiwe cha kahawa cha Khamisi pale Bangwe hakikukosa mtaalamu wa jambo lolote, na kutojua hakukumzuia mtu kusema. Tarehe nne, jua likikaribia utosini, Ngendakumana alikaa nao, kikombe mkononi. Yeye alikuwa mkimbizi, kuli wa lori lililoshuka kutoka kambini kufuata dagaa kila tarehe nne, nane, kumi na mbili. Lori likigeuza, kibali chake cha kutoka kambini nacho kimekwisha. Mkewe, Ella, alisikika yu hai Mwamgongo, kijiji kingine cha ufukweni. Boti ya wakimbizi kutoka huko hufika Bangwe tarehe tatu, sita, tisa, na asiyepokewa na ndugu yake mwaloni, pale boti inapotia nanga, hupelekwa kambi yoyote ile, pengine msionane tena. Ngendakumana aliogopa, wala hakuficha.

— Tulia, mwanangu, — alisema Mzee Mwinshehe, aliyeitwa Mahesabu kwa kuwa zamani alikuwa karani wa tikiti za meli. — Namba gani inagawa tatu na nne bila kubaki kitu?

— Moja, Mzee.

— Basi! Ella aje tarehe moja.

— Tarehe moja si imeshapita! — alidakia Luqman, ambaye kijiweni huitwa Spika.

— Haraka haraka haina baraka. Ipo ya mwezi ujao.

— Mwezi ujao! Yebaba we! — alimaka Ngendakumana.

— Achana na huyo, — alisema Spika. — Jumlisha tatu na nne. Saba! Saba ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mtu na mkewe wakikutana tarehe saba, hata bunduki haiwagawi.

— Tarehe saba lori lipo?

— Halipo. Lakini penye nia pana njia. Tunatoboa tairi leo, linalala hapa hapa.

— Na boti?

— Boti tunaisomea dua, ichelewe siku moja.

Khamisi alicheka mpaka akamwaga kahawa. Ngendakumana hakucheka. Aliinama, akachora mchangani kwa kidole: tatu, sita, tisa, kumi na mbili. Chini yake: nne, nane, kumi na mbili.

— Hapa, — alisema. — Vinakutana hapa.

— Ndivyo nilivyokuwa nasema! — alinguruma Mahesabu.

Ndipo akapita Marcelina, mchuuzi wa dagaa, beseni kichwani, anawahi mtumbwi wa Mwamgongo.

— Shikamoo, Mzee.

— Marahaba, — alijibu Mahesabu. — Mama, huko uendako yuko Ella, mke wa huyu. Mwambie apande boti ya tarehe kumi na mbili!

— Kumi na mbili! — kijiwe kizima kiliitikia.

Marcelina alitua beseni, akazitazama zile namba mchangani.

— Hilo lori lenu huondoka hapa saa ngapi?

— Saa sita, — alijibu Ngendakumana.

— Boti ile sijawahi kuiona ikifika kabla ya alasiri. Sasa hiyo kumi na mbili mtaonana vipi?

Spika alimtazama Mahesabu. Mahesabu alikiinua kikombe, kumbe kitupu. Khamisi alilitikisa birika, nalo halikuwa na kitu.

Honi ya lori ikalia mara mbili. Ngendakumana alisimama.

— Basi nimwambie nini, baba? — aliuliza Marcelina.

— Mwambie nipo hai, — alisema, akakimbilia lori.