Gia Ishuke Ndipo Gari Ipande

Asubuhi ile benchi la mbele ya duka la kinyozi lilijaa kabla hata kahawa haijachemka, maana boneti ya gari la Kinyozi ilikuwa wazi. Lilikuwa gari la zamani, refu, la gia zinazojibadilisha zenyewe, aliloachiwa na marehemu baba mkwe wake. Wiki iliyopita lilimgomea katikati ya kilima cha makaburini, mama mkwe akiwa kiti cha nyuma. Bibi wa watu alishuka, akachukua mkoba wake, akamalizia kilima kwa miguu. Leo saa nne walikuwa wanakwenda tena kuzuru kaburi. Na Kinyozi alishanong'onezwa na mkewe: likigoma mara ya pili, gari linahamia kwa mwanyumba wake, yule aliyemwoa mdogo wa mkewe.

— Hebu nieleze, — alianza Profesa, aliyepewa jina hilo kwa sababu alifeli mtihani wa udereva mara tatu, na mara zote alimsahihisha mtahini. — Ukifika kilimani inafanyaje?

— Inapunguza mwendo mpaka waenda kwa miguu wanaipita, — alisema Kinyozi. — Halafu inasimama.

— Basi hiyo ni huzuni. Imefiwa.

Fundi Saa akaibuka kutoka ndani ya boneti, kile kioo chake cha kutazamia saa kikiwa bado kimebanwa jichoni.

— Huzuni gani? Kuna fito ya chuma hapa. Inatoka kwenye pedeli ya mafuta, inapita kwenye kabureta, inashuka mpaka kwenye giaboksi.

— Ya kazi gani?

— Naona ukikanyaga mpaka chini kabisa, inavuta kijiti kule kwenye giaboksi. Gia inashuka moja, gari inapata nguvu, inapanda.

Benchi zima likaangua kicheko.

— Gia ishuke ndipo gari ipande! — Profesa alijipiga paja. — Jamani, saa zimemmaliza huyu!

— Mimi nasema nilichokiona.

— Umeona fito, sawa. Fito ni ya kupelekea habari. Giaboksi iko chini huko gizani, barabara haioni. Lazima iambiwe kwamba mbele kuna kilima.

— Inaambiwa na nani?

— Na mguu. Sasa, mguu wa marehemu iliuzoea miaka thelathini. Huu wa Kinyozi inausikia kama wa mwizi.

Kinyozi akautazama mguu wake kwa uchungu.

— Mimi nadhani inaona haya, — alidakia muuza kahawa huku akimimina. — Inajua imembeba mkwe. Kuna watu hata kutafuna mbele ya mkwe hawawezi, sembuse kupanda kilima.

— Hapo umenena! — Profesa alisimama kabisa. — Dawa ni kupanda kinyumenyume. Tia rivasi, mama mkwe atangulie, wewe ufuate. Heshima imetimia, na gari haina kisingizio.

Kinyozi, maskini, akaanza kupima upana wa barabara kichwani.

— Au tuing'oe tu hiyo fito, — alisema, akaokota spana.

— Usiiguse! — Fundi Saa alipiga kelele.

Hapo ndipo mama mkwe alipotokea. Wote wakasimama, shikamoo zikagongana. Aliitikia moja kwa wote, akauliza kuna nini. Profesa akamweleza yote: fito, giza, haya, rivasi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Kinyozi.

— Mkwe wangu, kwani wewe huwa unakanyaga mpaka mwisho?

Profesa alichungulia kikombe chake. Muuza kahawa alikumbuka birika lake. Kinyozi jibu alikuwa nalo, lakini angelitoaje? Tangu akabidhiwe gari lile, pedeli alikuwa akiigusa kwa vidole tu, kama anayepita karibu na mtoto aliyelala, asije akaambiwa mali ya marehemu ameigeuza ya mashindano.

— Haya, twende, — alisema mama mkwe, na leo akakaa mbele.

Kilimani mwendo ukaanza kufa. Kinyozi akaikandamiza pedeli mpaka ikagota sakafuni. Kitu kikashtuka chini ya gari. Gia ikashuka, injini ikanguruma, na lile gari refu likachomoka kama limechomwa sindano. Mama mkwe akamkamata mkono kwa nguvu.

— Polepole, baba watoto! Utatuua!

Kisha akanyamaza ghafla; jina hilo lilikuwa la marehemu.

Kinyozi hakugeuka. Alikaza macho barabarani kama asiyesikia, akaendelea kukanyaga mpaka juu, wala hakuusogeza mkono wake mpaka mama alipouachia mwenyewe.