Neno Lililobaki Stoo

Tarehe 30 Juni 2004 Bwana Twalibu Radjabu atakabidhi funguo za stoo ya Kliniki ya Uzazi Uruhinja, baada ya miaka thelathini na miezi minne ya kazi. Alizipokea tarehe 1 Machi 1974, akiwa kijana wa mtaa wa Buyenzi mwenye cheti cha shule ya msingi na mwandiko mzuri kuliko wa daktari yeyote aliyepita hapa. Madaktari wamekuja na kuondoka na miandiko yao. Wa kwake bado tunausoma.

Aliyeombwa kuandika kurasa hizi ni Dative, mkunga mkuu, kwa sababu ndiye aliyegombana naye mara nyingi kuliko wafanyakazi wote. Mtu unayegombana naye miaka ishirini unamjua vizuri.

Katika stoo ya Bwana Twalibu hakitoki kitu bila karatasi yenye sahihi. Daktari Melchior, mkurugenzi wetu, aliwahi kurudishwa kwa ajili ya balbu moja. Siku mji ulipofungwa na magari kukosekana, Bwana Twalibu alikuja kwa miguu. Hata wiki ile ya mabomu, Julai mwaka jana, saa moja na nusu asubuhi alikuwa mlangoni, akinung'unika kwamba wengine wamechelewa.

Lakini sifa yake kubwa ilianza kwa kosa, na yeye mwenyewe ametuomba tusilifiche. Ilikuwa mwaka 1997, nchi iko chini ya vikwazo, na hapa glavu zilikuwa zinachemshwa na kuvaliwa tena mpaka zinatoboka. Masista wa Kihispania wa mtaa wa Kinanira wakatupatia shehena ya makatoni kutoka kwao. Mawili yaliandikwa SALA DE PARTOS. Bwana Twalibu, mtu asiyekosa swala zake tano, aliona neno sala akalielewa papo hapo. Partos akadhani ni mtakatifu fulani wa Wakatoliki. Kwa heshima zote akayabeba mwenyewe hadi kwenye kikanisa chetu kidogo, akayaweka karibu na altare na kumkataza kila mtu kuyagusa. Yalikaa pale siku kumi na tisa. Padri, alipokuwa anatafuta mishumaa, ndiye aliyeyafungua, akakuta glavu mia sita, mikasi na vibano vya kitovu. Kumbe sala, kwa Kihispania, ni chumba, na sala de partos ni chumba cha kuzalia.

Tulicheka, mbavu hatuna. Yeye hakucheka. Alikwenda wodini kuuliza ni wanawake wangapi walijifungua katika siku hizo kumi na tisa. Akaambiwa themanini na mmoja. Akarudi stoo.

Katika shehena hiyohiyo kulikuwa na kompyuta iliyokwisha kutumika, ya kuwekea orodha za stoo. Ndani yake kulikuwa na programu ya kujifunzia Kihispania, ya watoto wa shule. Kasuku wa kijani anaonyesha picha, wewe unaandika jina lake. Ukipata maneno yote ishirini, anakufungulia hadithi fupi ya kusoma. Ukikosa, anatikisa kichwa na unaanza upya. Spika zilipotea njiani, kwa hiyo kasuku wetu alikuwa bubu.

Kila siku, saa sita hadi saa nane mchana, sisi tukila na kusinzia, Bwana Twalibu alikuwa mbele ya kasuku kama umeme upo. Kama haupo, alikuwa mbele ya daftari lake, akirudia maneno ya jana. Alipogundua kwamba mesa ni meza na bandera ni bendera, alitutangazia kwamba Kihispania ni lugha ya jirani, na kwamba Kifaransa ndicho kilichotoka mbali. Wenye diploma tulimwacha aseme.

Somo la sita lilimkwamisha wiki tatu. Neno lilikuwa niño, mtoto. Alilijua kama jina lake, lakini kibodi yetu ya Kifaransa haina herufi ile ya n yenye kiwimbi kichwani, na kasuku hakukubali n ya kawaida. Mfanyakazi wa kliniki ya uzazi amekwama kwenye neno mtoto! Hilo lilimuudhi kuliko umeme kukatika. Akaanza kusoma kijitabu cha kompyuta, kurasa mia mbili na kumi, mpaka akafika kwenye kiambatisho: shikilia kitufe cha Alt, piga 164, na ñ inatokea. Akaandika 164 kwa chaki juu ya mlango wa stoo. Wageni walidhani ni namba ya chumba.

Mnamo Oktoba 1998 likaja katoni la vidonge vya vidonda vya tumbo, karatasi zake zote kwa Kihispania. Ilikuwa Jumanne, siku ya wajawazito. Ishirini na wawili walikuwa kwenye mabenchi, wengi wakilalamika kiungulia, na famasi yetu haikuwa na kitu cha kuwapa. Mkunga wa zamu, mwenye Kifaransa chake safi, aliona kwenye boksi maneno ATENCIÓN: EMBARAZADAS. Akayasoma kwa macho ya Kifaransa. Atención akaifanya à l'attention de, yaani kwa ajili ya fulani. Embarazadas akaifanya embarras gastrique, yaani tumbo kuchafuka. Basi ni dawa ya tumbo, kwa wanawake wenye matatizo ya tumbo. Akaandika karatasi ya kuomba vidonge vya wote ishirini na wawili, akatia sahihi.

Bwana Twalibu aliipokea karatasi, akalitazama boksi, akasita. Embarazada alikuwa anamjua. Katika somo la familia kasuku alimwonyesha mwanamke mwenye tumbo kubwa. Yeye akaandika gorda, mnene, akatikisiwa kichwa mara mbili, na ndiyo maana hakulisahau jibu. Embarazada ni mjamzito. Boksi lilikuwa linawaonya.

“Mama, iyi dawa mi siwezi kuitoa,” alisema. “Ile neno ni mwanamuke mwenye mimba. Nilimuona mu ordinateri ya kasuku, na tumbo yake.”

Mkunga alimjibu vibaya. Alimwambia alinde makatoni yake na awaachie dawa waliozisomea, kwani hakuna mtu aliyepata udaktari kwa kufundishwa na ndege. Bwana Twalibu akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, akapanda Kinanira kwa miguu na jua lile, boksi kwapani. Kwa masista alisoma maandishi ya boksi kwa sauti, na sista mkuu akamuuliza aliishi mji gani wa Hispania. Alikuwa amesoma kama tunavyosoma Kiswahili, kila irabu mahali pake, kwa sababu kasuku bubu hakumfundisha vinginevyo. Kisha sista akafungua karatasi ya ndani na uso ukambadilika. Vidonge vile hufanya mfuko wa uzazi ujikaze. Mjamzito akivimeza, mimba inaweza kutoka.

Aliporudi ilikuwa saa tisa. Wanawake walikuwa wamekwenda makwao na kiungulia chao, na mimba zao.

Katika kitabu cha stoo mkurugenzi alikuta mstari mmoja: “Vidonge vimebaki stoo. Sababu: lugha.” Alipouliza ni nani aliyeviomba, Bwana Twalibu alijibu kwamba karatasi haionekani. Ni karatasi pekee iliyopotea katika stoo hiyo kwa miaka thelathini.

Mkunga huyo ni mimi. Tangu siku ile nimekula naye meza moja karibu miaka sita, na yeye anayemtania kila mtu hajanitania kwa hilo hata siku moja. Kati ya wale ishirini na wawili, ishirini na mmoja walijifungulia mikononi mwangu. Wa mwisho, Candide, alihamia mji wa Ngozi, akatuandikia kwamba amepata mapacha. Ningefukuzwa kazi, na hilo lingekuwa dogo. Sikumshukuru wakati ule kwa sababu niliona aibu. Ninamshukuru leo, mbele yenu wote.

Bwana Twalibu anatuachia karatasi za dawa arobaini na saba alizozifasiri, zimebandikwa wodini kwa ule mwandiko wake. Sisi tunampa kompyuta ile aende nayo nyumbani, kwa Mama Assia, mkewe. Bonfils wa karakana ameitafutia spika, na baada ya miaka saba kasuku atasema. Tunamwombea afya, mapumziko marefu, na umeme usiokatika mchana.

Gracias, señor Twalibu. Hiyo ñ nimeipiga mwenyewe: 164.