Babu Povu, Aliyekuwa Daktari

Kaka yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la baba, fundi cherehani. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, hivyo hayo nilisimuliwa na mama.

Alisoma shule ya mtaani, kisha bweni, kisha ng'ambo, akarudi mwaka 1983 akiwa Daktari wa historia. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwita jina lake. Vyeti alivitundika sebuleni, viti akavigeuza vivitazame. Hata jirani aliyekuja kuomba chumvi alivisoma kwanza.

Alifundisha chuoni hadi alipostaafu mwaka 2014, akiwa mkuu wa idara.

Mwaka 1985 alimwoa wifi yangu, mkunga. Kila baada ya chakula, Daktari alifunga mlango wa jikoni, akaosha vyombo huku akiimba. Alikuwa na sauti tamu, jamani! Hodi ikipigwa, alikatiza wimbo na kushika kitabu. Siku moja mkuu wa chuo alikuja ghafla, akapokelewa na Daktari mwenye kitabu mkononi na povu hadi viwikoni. Wifi alicheka hadi akakaa chini.

Alipostaafu, simu ilinyamaza. Ilimuuma sana.

"Sasa mimi ni nani?" aliuliza siku moja, nami nikiwepo.

Wifi akamjibu kutoka jikoni, "We ni mume wangu, na vyombo vinakusubiri. Halafu huo mlango uache wazi, nataka kukusikia."

Akauacha. Majirani wakamsikia, wajukuu wakambatiza Babu Povu, naye akaitika.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Wodini muuguzi alimuuliza, "Mzee, tukuite nani?" Nilitega sikio. Akasema, "Babu Povu." Baadaye akanigeukia: "Siku ukinisomea wasifu, vyeti viache, watu watasinzia. Waambie nilikuwa naimba." Wenzake wa chuo mtanisamehe.

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni mwaka huu, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu wanne na mimi. Vyombo vya jana bado vimo kwenye beseni. Hakuna aliyeweza kuvigusa.

Pumzika kwa amani, Babu Povu. Leo tutaosha sisi.